Jiwe la Umeme na Kisu cha Jikoni: Makali Hutoka Wapi, na Kwa Nini Huungua

Mama yangu mkubwa, anayeishi Ujiji, ana kisu kimoja ambacho amekitumia kupasulia migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, tangu mimi nikiwa mtoto. Kilifuliwa na mhunzi kutokana na kipande cha springi ya gari, mpini wake ni wa mti uliolainika kwa kushikwa, na kwa miaka mingi kilinolewa juu ya jiwe bapa lililookotwa ufukweni na kuwekwa kando ya mtungi wa maji. Miaka michache iliyopita, kwa nia njema kabisa, nilikichukua nikakipeleka kwenye karakana moja mjini Kigoma ili kinolewe kwa jiwe la umeme, yaani jiwe la kunolea linalozungushwa na mota. Kazi haikuchukua hata dakika mbili. Cheche ziliruka, kisu kikarudi kinang'aa, na karibu na ncha palikuwa na doa la zambarau lililoishia kwenye buluu, ambalo mimi niliona ni kama pambo. Siku ya kwanza kilikata vizuri. Siku ya tatu mama mkubwa aliniita, akanirudishia kisu mkononi na kusema, "Mwanangu, kisu hiki siku hizi kinapapasa samaki, hakikati."

Sikuelewa, kwa sababu kwa macho kisu kilikuwa kipya. Ilinichukua muda kujua kwamba lile doa la buluu ndilo lililokuwa jeraha lenyewe. Naandika makala haya kwa ajili ya mtu aliye katika hali niliyokuwamo mimi: ana jiwe la umeme nyumbani au anafikiria kulinunua, anasikia huyu akisema kwamba jiwe la umeme ndiyo njia rahisi kuliko zote na yule akiapa kwamba linaua visu, na hajui ashike lipi. Wote wawili wana hoja, na tofauti yao inakwisha mtu akielewa mambo matatu: makali ni kitu gani, joto linafanya nini ndani ya chuma, na jiwe linazunguka kwa kasi gani.

Watu wengi huyachukulia makali kama kitu kinachoongezwa kwenye kisu, mfano wa rangi inayopakwa ukutani, ilhali makali ni mahali tu: ni mstari ambapo miteremko miwili ya pande za kisu inakutana. Mstari huo ukiwa mwembamba sana, nguvu ndogo ya mkono hukusanyika mahali padogo, na nyama inaachia. Kisu kilichonolewa vyema kina ukingo wenye unene usiozidi maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, wakati unywele wa binadamu una unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi. Kisu kinapokuwa butu, maana yake ukingo huo umeviringika, umelalia upande mmoja, au umemegeka. Kunoa, basi, ni kuondoa chuma pande zote mbili mpaka miteremko ikutane upya. Hakuna kinachoongezwa, na kila unaponoa kisu kinapungua, jambo ambalo mtu mwenye jiwe la umeme anapaswa kulikumbuka kuliko mwenzake mwenye kinoo, kwa kuwa jiwe hilo linaweza kula kwa dakika moja chuma ambacho kinoo kingekila kwa mwaka mzima.

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe. Kisu hakitengenezwi kwa chuma kitupu, bali kwa feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, ambayo kwa visu vingi haifiki hata asilimia moja. Mhunzi akiipasha feleji hiyo hadi iwe nyekundu, kiasi cha digrii 800 za sentigredi, kisha akaichovya ghafla kwenye mafuta au maji, kaboni hunaswa katikati ya chembe za chuma kabla haijapata nafasi ya kutoka, na chuma chote kinakazana. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuchunguza vyuma kwa hadubini katika karne ya 19. Chuma kilichoachwa hivyo ni kigumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Ndiyo maana hupashwa mara ya pili, safari hii kwa moto mdogo wa digrii 150 hadi 250 hivi, ili kipate kustahimili mshtuko bila kupoteza ugumu mwingi. Moto huu wa pili ndio unaoamua kisu kitashika makali kwa kiasi gani. Kanuni yake ni moja na haina huruma: joto lolote litakalozidi lile ambalo mtengenezaji alikomea litakilainisha chuma zaidi, na kikipoa hakirudii ugumu wake.

Kuna jambo la kushukuru hapa, kwamba feleji inapopata moto hewani huandika joto lake kwa rangi. Kwenye feleji ya kawaida iliyosafishwa, rangi ya njano kama majani makavu hutokea karibu na digrii 220, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Wahunzi wamezisoma rangi hizi tangu zamani, kabla ya kipimajoto kuwepo. Kwa hiyo nilipokuwa nikilishangaa lile doa kwenye kisu cha mama mkubwa, chuma kilikuwa kikiniambia waziwazi kwamba sehemu ile ilifika digrii 300, ilhali pengine mhunzi wake hakuwahi kuvuka 200 na ushei. Mafundi husema chuma kimeungua, na neno hilo ni sahihi kwa maana yake, ingawa hakuna kilichoteketea.

Hata hivyo rangi haitoshi kumlinda mtu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jiwe lenyewe hufuta rangi linapopita, kwa hiyo fundi anaweza kuunguza ukingo, akapitisha kisu mara moja ya mwisho, na kukukabidhi kitu cheupe kinachong'aa ambacho ndani yake kimelainika. Ya pili ni kwamba vingi vya visu vinavyouzwa madukani leo ni vya chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu ya asilimia 13 hadi 15 hivi, na chuma hicho huchelewa kutoa rangi. Kitaonyesha njano kwenye joto ambalo feleji ya kawaida ingekuwa imekwisha kuwa buluu. Mwenye kungojea rangi kwenye kisu cha namna hiyo atakuwa amechelewa.

Lakini kwa nini joto likimbilie ukingoni, mahali penyewe tunapopahitaji? Liangalie jani kavu la mgomba likiwekwa karibu na moto: pindo lake ndilo linaloanza kushika, kwa sababu ni jembamba na halina pa kupeleka joto. Ukingo wa kisu uko hivyohivyo. Mgongo wa kisu wenye unene wa milimita 3 unaweza kunywa joto jingi na bado ukashikika kwa vidole, huku ukingo wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita ukiwa umekwisha kuvuka digrii 250. Kwa hiyo ule ushauri unaosikika mara kwa mara, kwamba utajua kisu kimepata moto pale mkono utakapohisi, unafaa kwa patasi nene na shoka. Kwa kisu chembamba cha samaki, mkono hupata habari baada ya msiba.

Hapo ndipo suala la kasi linapoingia, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu hii ndiyo inayoutatua ubishi wote. Jiwe la umeme la kawaida la mezani, lile lenye mota katikati na mawe mawili pembeni, hutumia mota ambayo kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Jiwe la inchi 6, yaani milimita 150, likizunguka hivyo, uso wake unapita mbele ya kisu kwa kasi ya mita 23 hivi kila sekunde. Grainda ya mkono ya milimita 115, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika, hupitisha uso wake kwa mita 66 kwa sekunde. Linganisha na mashine za polepole zinazotumia maji, ambazo kampuni ya Tormek ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1973, imejulikana nazo: jiwe lake la milimita 250 huzunguka takriban mara 90 kwa dakika huku likiogelea kwenye beseni la maji, na uso wake unapita kwa mita 1.2 tu kwa sekunde. Kati ya mashine hii na jiwe la kawaida la mezani, tofauti ya kasi ni karibu mara 20. Kati yake na grainda ya mkono ni zaidi ya mara 50. Zote huitwa mashine za kunolea, na mtu anaposema "mashine inaharibu visu" ni muhimu kumuuliza kwanza ni ipi.

Swali la kwa nini mnoaji wa baiskeli, yule anayekaa juu ya tandiko na kukanyaga pedeli ili jiwe lizunguke, haunguzi visu kirahisi, linajibika hapohapo. Mtu mzima anayekanyaga kwa muda mrefu hutoa nguvu isiyozidi sana wati 100, na nguvu hiyo ndogo ndiyo yote inayoweza kugeuka kuwa joto kwenye kisu. Tena akikandamiza kupita kiasi miguu inakuwa mizito na jiwe linapunguza mwendo lenyewe. Mota ya jiwe la mezani ina wati 250 hadi 370 hivi na haichoki wala haionyi. Simsifu mnoaji wa baiskeli kwa ajili ya ukale. Namsifu kwa sababu mashine yake imefungwa kipimo na mwili wake mwenyewe.

Je, mwenye jiwe la kawaida la mezani alitupe? Hapana, nami ninalo na ninalitumia. Ila nimejifunza kulipa kazi yake halisi, ambayo ni kurudisha umbo. Kisu kilichovunjika ncha, kisu kilichomegwa na mfupa, kisu kilichonenepa ukingoni kwa kunolewa ovyo miaka mingi mpaka hakipenyi hata kikiwa kikali, panga linaloshushia mikungu ya michikichi na lililogonga jiwe: hivi vyote vinahitaji chuma kingi kiondolewe, na kukiondoa kwa kinoo ni kujitesa. Lakini kisu ambacho umbo lake ni zima na kimekuwa butu tu kwa kazi ya wiki mbili hakina haja ya mota. Dakika 5 za kinoo zinakitosha.

Sababu nyingine ya kutomwachia mota kazi ya mwisho ni ukubwa wa chembe. Mawe ya mezani huandikwa namba, na namba kubwa ina maana ya chembe ndogo. Jiwe la namba 60 lina chembe zenye ukubwa wa karibu robo ya milimita, na la namba 120 zenye sehemu ya kumi ya milimita. Kila chembe huchimba mfereji wake kwenye chuma, na mifereji hiyo inapofika ukingoni huacha meno ya msumeno yasiyolingana. Kisu cha namna hiyo kitachana nyanya kwa ukali wa kushangaza siku ya kwanza, kisha meno hayo dhaifu yatavunjika moja baada ya jingine. Kinoo cha namba 1000 kina chembe za maikroni 15 hivi, na ndicho kinachogeuza msumeno kuwa makali. Rangi ya jiwe nayo ina maana yake: la kijivu, jeupe au la waridi kwa kawaida ni la oksidi ya alumini, linalofaa kwa feleji, la kijani ni la kabaidi ya silikoni, lililokusudiwa vyuma vigumu sana kama ncha za zana za kukatia chuma, na si chaguo la kwanza kwa kisu cha jikoni. Jeupe hula kwa ubaridi zaidi kuliko la kijivu, kwa sababu chembe zake hukatika na kuachia zilizo kali badala ya kuendelea kusugua zikiwa butu.

Nieleze sasa namna ninavyofanya, nikichukua mfano wa kisu cha kupasulia migebuka kilichomegeka katikati ya ukingo.

Kwanza nakagua jiwe lenyewe. Likiwa na uso mweusi unaong'aa, chembe zake zimezibwa na vumbi la chuma. Halitakata, litasugua tu na kuzalisha moto, na ndiyo hali ya mawe mengi niliyoyaona. Husafishwa na kusawazishwa kwa kifaa cha magurudumu ya meno ya chuma au kwa kijiti chenye almasi, mpaka uso uwe mkavu na wenye kukwaruza. Kisha napaka mteremko wa kisu wino wa kalamu nene, pande zote mbili. Wino huu unasema ukweli kuliko jicho: jiwe likigusa mara moja, napozima mashine na kutazama, sehemu ilipofutika ndipo jiwe linapokula. Ikifutika karibu na mgongo tu, pembe ni ndogo mno na ukingo haujaguswa; ikifutika ukingoni tu, pembe ni kubwa na nitakuwa natengeneza patasi.

Pembe yenyewe haihitaji mashine kuipima. Kisu cha samaki hufaa digrii 15 hadi 20 kila upande, na panga la shambani digrii 25 hadi 30, kwa kuwa ukingo mwembamba hukata kwa urahisi lakini hauvumilii kugonga. Kwa kisu chenye upana wa milimita 40 kilicholazwa juu ya kinoo, kuinua mgongo milimita 10 kutoka kwenye jiwe kunatoa digrii 15 hivi, na kuinua milimita 14 kunatoa digrii 20. Vipande viwili vya ubao vya unene huo vilivyowekwa kando ya kinoo vinamfundisha mkono haraka kuliko maelezo yoyote. Wapo wanaohofia kwamba jiwe la duara litachimba mteremko uwe na shimo katikati na kuudhoofisha ukingo. Kwa jiwe la milimita 150 na mteremko wenye upana wa milimita 1, shimo hilo lina kina cha chini ya sehemu mbili za elfu za milimita, yaani halina madhara yoyote. Linaanza kuwa na maana pale mtu anapolaza kisu na kusaga ubapa mpana wa sentimita nzima, ambapo kina kinakaribia sehemu mbili za kumi za milimita.

Ndoo ya maji inakaa pembeni, karibu kiasi kwamba mkono unaifikia bila miguu kusogea. Nakichovya kisu kwanza, kabla ya kugusa jiwe, ili kiingie kikiwa kimelowa, kisha nakipitisha kutoka upande wa mpini hadi ncha kwa mwendo mmoja usiosimama, kwa mgandamizo wa kitu kama uzito wa kisu chenyewe. Macho yangu hayako kwenye cheche, yako kwenye utando wa maji uliobaki juu ya ubapa karibu na ukingo. Maji hayo yakianza kukimbia na kukauka, natoka mara moja, kwa sababu mahali maji yanapochemka ni digrii 100, na hapo bado niko salama. Mpito mmoja, kuchovya. Mpito mmoja, kuchovya. Anayepitisha mara tano ndipo akachovya anakuwa anasafisha mikono baada ya kosa, kwani maji yanazuia kuungua lakini hayatibu kuungua. Ncha ndiyo inayotaka tahadhari kuliko sehemu zote: ni nyembamba pande zote, na ndipo mkono wa mtu mwenye haraka hupenda kupumzika. Napofika sentimita ya mwisho huinua kisu kutoka kwenye jiwe, siachi ncha ikabaki nyuma ikisubiri. Vilevile kusimama karibu na mpini huchimba bonde kwenye ukingo, na kisu chenye bonde, hata kikiwa kikali namna gani, kitaacha majani ya sukuma wiki yakining'inia kama mnyororo juu ya ubao, kwa sababu sehemu ile haigusi ubao kamwe.

Pengo likishatoweka, naacha mota. Nasema naacha hata kama ukingo bado unaonekana mnene kidogo, kwa kuwa sehemu ya mwisho iliyo nyembamba zaidi ndiyo inayoungua kirahisi zaidi, na hiyo nataka itengenezwe kwenye kinoo chenye maji, ambako joto halina nafasi.

Kwenye kinoo jambo la kutafuta ni lile ambalo mimi huliita uzi. Unaponoa upande mmoja hadi mwisho, chuma cha ukingoni kinakuwa chembamba mno hata kinajikunja kuelekea upande wa pili, na ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya ukingo, kamwe si kwa kuufuata urefu wake, utahisi kitu kinachokwaruza kidogo kama ukucha uliokatwa vibaya. Uzi huo ni habari njema: unathibitisha kwamba mteremko umefika ukingoni. Usipouhisi kwa urefu wote wa kisu, bado hujanoa, hata kama umesugua nusu saa. Ukiuhisi, geuza upande, noa mpaka uhamie kule, halafu punguza mgandamizo na ubadilishe pande kila mpito mmoja au miwili mpaka usionekane. Mabaki yake huondolewa kwa kuvutia kisu juu ya mkanda wa ngozi, makali yakifuata nyuma. Visu vingi vinavyosifiwa kuwa vikali vikitoka moja kwa moja kwenye jiwe la umeme vinakatia uzi huu, na uzi ukianguka kwenye mfupa wa kwanza, sifa nazo zinaanguka.

Ipo pia njia ya kati kwa fundi mwenye mikono, nayo ni kuipunguza kasi. Mota ya mizunguko 1,420 kwa dakika iliyofungwa puli ya milimita 50, ikizungusha kwa mkanda puli ya milimita 300 iliyo kwenye shafti ya jiwe, italizungusha jiwe mara 237 hivi kwa dakika, na jiwe la milimita 150 litapita kwa mita zisizofika 2 kwa sekunde. Ukiweka chombo cha kudondoshea maji juu yake, umepata mashine ya polepole kwa vifaa vya mtaani. Sharti ni kwamba puli na mkanda vifunikwe, na maji yasikaribie mota wala nyaya.

Kuhusu umeme wenyewe, sisi wa Kigoma tuna historia ya kutosha. Kwa miaka mingi mji uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, na hadi leo watu wanajua maana ya umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya kuzungusha ya mota za aina hii hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo volti 230 zikishuka hadi 180 nguvu hiyo inabaki karibu asilimia 61 tu. Jiwe likiwa tupu utaliona linazunguka kama kawaida, lakini ukilikandamiza linazama, mota inavuta umeme mwingi kujitetea, na inapata moto mpaka nyaya zake za ndani zinaungua. Umeme ukiwa mdogo, kisu kingoje.

Jiwe linaweza kumuua mtu, na hili silisemi kwa kutisha. Kabla ya kulifunga, lining'inize kwenye kidole au kijiti na uligonge taratibu kwa mpini wa mti: jiwe zima hulia kama kengele ndogo, lenye ufa hutoa sauti ya kufa, na lenye ufa halifungwi kwa hali yoyote. Kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya jiwe lazima iwe sawa au zaidi ya kasi ya mota. Kulifunga jiwe la mashine ya polepole kwenye mota ya haraka ni kutengeneza bomu. Nati ya upande wa kushoto ina hesi za kinyume na hufunguliwa kwa kuizungusha kama mshale wa saa, jambo ambalo asiyelijua huikaza kwa nguvu zote mpaka jiwe linapasuka. Ukishafunga, liwashe ukiwa umesimama pembeni na uliache dakika nzima. Kiegemeo cha kisu kikae kisichozidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe, ili kisu kisizame katikati yake. Miwani ya kukinga macho haina mbadala, kitambaa cha pua kinahitajika kwa ajili ya vumbi, na glovu hazivaliwi kabisa, wala mikono mirefu ya shati inayopepea, kwa kuwa jiwe likinasa kitambaa linaufuata mkono. Na anayetumia gurudumu la kitambaa au la ngozi kwenye mota, makali ya kisu yaelekee kule gurudumu linakokimbilia, yasiwe ya kulipokea. Likiyapokea, litakunyang'anya kisu na kukirusha upande ambao hutaweza kuuchagua.

Kisu cha mama mkubwa hatimaye nilikishughulikia mwenyewe. Nilianza kwa kukipima kwa tupa: karibu na mpini tupa iliteleza huku ikilia, lakini kwenye doa iliuma na kutoa unga, kama inavyofanya kwenye nondo. Hakukuwa na dawa ya kurudisha ugumu ule isipokuwa kukipasha chote upya na kukichovya, na mhunzi aliyekifua hayupo tena. Nikaamua kuondoa sehemu iliyoungua, milimita 3 kutoka ukingoni kuanzia ncha hadi katikati, kisha kulainisha mstari uliobaki ili uungane na sehemu nzima. Nilitumia jiwe jeupe nililolisawazisha kwanza, ndoo mbili za maji na mchana mzima, na nilirudia kupima kwa tupa mpaka ikateleza kotekote. Jioni nilimalizia kwenye kinoo, uzi ukahama pande zote mbili, ukatoweka. Kisu sasa ni chembamba kuliko kilivyokuwa na ncha yake imerudi nyuma kidogo. Mama mkubwa alikitazama muda mrefu kabla ya kusema lolote, akachota mgebuka mmoja kwenye beseni, akamlaza ubavu, na kumpasua mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani kwa mvuto mmoja.